Sentensi Saba Nilizoandika Ubaoni

Esperance na Bahati,

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana mtu wa miaka kumi na minane hastaafu, anaacha tu. Lakini nimefundisha Kiingereza kwenye banda la kanisa hapa kambini Dzaleka tangu nikiwa na kumi na minne, na kuanzia Jumatatu darasa ni lenu, kwa hiyo niacheni nitumie neno hilo kubwa mara moja. Mnajua kusema mbele ya watu kunanishinda. Ndiyo maana nimerarua kurasa hizi kwenye daftari langu la kila siku badala ya kuja kuwaeleza. Sitaandika nilivyopanda cheo, kwa kuwa hapakuwa na pa kupanda, wala nilicholipwa, kwa kuwa nyote mmeiona miche ile ya sabuni. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa, na namna nilivyoiharibu.

Tulifika hapa vita ya pili ilipoanza kule kwetu, mama, wadogo zangu wawili na mimi, kutoka Uvira. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na watu tisa tayari. Nikitaka kuandika nilikuwa nakwenda nyuma ya banda la kanisa, naketi kwenye matofali, naandika hadi mtu apite. Aliyepita siku hiyo alikuwa Papa Anselme, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kule kwetu, mzee mrefu mwenye kifua kibovu. Alisimama nyuma yangu akichungulia. Nikafunika daftari kwa mkono.

"Apana, usifunike. Sisome maneno, naangalia paka mwandiko tu," akasema. "Unaandika muzuri. Unaogopa bantu?"

"Ndiyo, papa."

"Basi kazi yako njo hii. Vumbi ya ubao inaniua. Mwenye anaandika ku ubao anapatia bantu mugongo. Hawezi kuona sura yabo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza watu wazima kumi na watatu walikaa kwenye mabenchi, baba za watu, mama za watu, na mimi nikawapa mgongo saa nzima. Fundi Sylvestre, yule mshonaji wa kaptula, alipiga kelele kutoka nyuma: "Mwalimu, sema na sisi, ukuta yenyewe haitafanya exam!" Wakacheka wote. Masikio yangu yalipata moto, lakini mkono uliendelea. Kumbe mkono wangu hauna aibu.

Sasa vifaa, kwa kuwa mtavihitaji. Ubao ni mlango wa zamani. Unapakwa weusi unaotoka ndani ya betri za redio zilizokufa, uliosagwa na kukandwa na majani ya viazi vitamu yaliyotwangwa. Majani yakiwa machache, rangi inabanduka mvua zikianza, na mtaandika maneno yatakayoanguka pamoja na ubao. Upakeni upya kila baada ya wiki mbili. Chaki ya kweli hupatikana wageni wakija kutembelea kambi. Siku nyingine tumieni muhogo mkavu, ule mweupe usio na nyuzi katikati. Msiuache mezani. Sylvestre aliwahi kula chaki katikati ya somo, akatangaza kwamba Kiingereza kinaonja muzuri kuliko ugali wa nsima wa jana.

Kifaa cha tatu ni daftari la Papa Anselme, ambalo ninawaachia. Mtaona kila ukurasa kushoto una vitenzi, katikati kuna vihusishi, kulia kuna neno linaloishia na -ing. Alikuwa anaita hiyo daftari ya ndoa. Kitenzi ni bwana, kihusishi ni bibi, na mtoto wao lazima azaliwe na -ing. Insist anamuoa on. Accuse anamuoa of. Prevent anamuoa from. "Usiulize sababu gani insist hakuoa in," alikuwa anasema. "We unajua sababu gani jirani yako alioa ule mwenye alioa? Unakariri tu, unasalimia." Halafu kuna zile ndoa zinazombadilisha bwana kabisa. Give peke yake ni kutoa. Up ni juu. Ukiziunganisha, give up, mtu ameacha, amekata tamaa. Hakuna aliyetoa kitu wala aliyepanda juu. Na baada yake, mtoto yuleyule: give up smoking, give up farming. Inayowatesa watu kuliko zote ni look forward to, kwa sababu ile to inafanana na to ya kawaida, na kila mtu anataka kusema look forward to go. Sylvestre alilisema hivyo miaka mitatu. Mkifanikiwa kumtoa hapo, mniandikie.

Mifano yote ya Papa Anselme ilikuwa ya mbuzi na sabuni. The goat insisted on eating the soap. We prevented the goat from eating the soap. The goat apologised for eating the soap. Wanafunzi walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya kumi na moja waliiandika kama watu wanaochambua mahindi.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, kifua chake kilimshinda, akaenda kukaa Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la binti yake, ili awe karibu na hospitali. Alinikabidhi daftari na ufunguo wa banda. Nilimwambia siwezi. Akasema hata yeye hakuweza mwaka wa kwanza, halafu akaondoka. Sikulala vizuri juma hilo. Siku ya somo la kwanza niliingia, nikawapa mgongo, nikaandika kuhusu mbuzi.

Nilichoka na mbuzi. Nawaambia ukweli, ndicho kilichoanzisha yote. Niliona watu wanasinzia, nikawaza kwamba wangekumbuka kama sentensi ingekuwa yao. Nikaanza desturi ile mliyoikuta, ambayo nawaomba muifute: kila somo mtu mmoja anasimama, anasema kwa Kiswahili jambo lililompata, mimi naligeuza Kiingereza na kuliandika ubaoni, na wote wanakopi. Darasa likaamka. Watu walikuja mapema wapate nafasi ya kusema. Mimi nisiyeweza kumuuliza mtu hali yake, nilikuwa naambiwa maisha ya kambi nzima, na sikuhitaji kumtazama mtu usoni. Nilijiona mwalimu hodari. Nilikuwa na furaha miezi minane hivi. Ndiyo furaha yote ninayoweza kuieleza kuhusu kazi hii.

Mama Riziki alikuja wakati huo. Ni mkulima kutoka upande wa Fizi, mjane, ana watoto wanne, Riziki akiwa mkubwa wao. Alisoma hadi darasa la tatu na anaandika herufi kubwa kama za mabango, nne zinajaza mstari. Hakuwahi kukosa somo. Siku ya accuse of, nilipouliza nani ana neno, alisimama akiwa ameshika daftari kifuani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mi niko nayo. Balikuja asubui, tuko tunalima. Balisema bwana yangu alificha basoda mu mihogo. Hakuficha mutu. Kulikuwa paka mihogo. Balimuua pale pale mu mihogo, na mi niko naangalia. Jembe yake ilibakia inasimama."

Mimi nilikuwa ninatazama ubao, na nitawaandikia nilichokiwaza, ingawa kinaniaibisha: niliwaza kwamba ule ni mfano safi sana. Accuse, of, hiding. Ndoa kamili na mtoto wake. Nikaandika: They accused my husband of hiding soldiers in the cassava.

Mama Riziki alisogea karibu, akaisoma kidole kikifuata maneno. "Njo yangu hii yote?"

"Ndiyo, mama."

"Inaenea mu mustari moja," akasema, akashangaa. Akarudi kuketi, akaiandika, ikamjazia ukurasa mzima.

Baada ya mavuno orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Majina ya watu watakaoitwa Lilongwe kuhojiwa, na wale watakaokubaliwa wangepelekwa nchi ya mbali kuanza upya. Mnakumbuka siku zile. Watu waliokuwa hawajakanyaga darasani walijaza banda hadi dirishani. Kulikuwa na imani kambini, sijui ilitoka wapi, kwamba mkalimani anapunguza maneno, na kwamba ukiyasema mwenyewe kwa Kiingereza yanaingia yote. Wote walitaka kitu kimoja na muda ulikuwa siku kumi na mbili. Mwalimu mwingine angeketi na kila mtu, amuulize yake, amwandikie yake. Hiyo ingenilazimu kutazama watu hamsini usoni mmoja mmoja. Nikafanya ninachokiweza. Niliwapa mgongo, nikachagua sentensi saba bora kutoka daftari langu la mifano, nikaziandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. We were prevented from burying our dead. We gave up farming. I am afraid of going back. Na kadhalika hadi ya saba, I am looking forward to starting again. Ya pili kutoka juu ilikuwa ya Mama Riziki.

Nilisema, kwa sauti ambayo labda wa mstari wa kwanza peke yao waliisikia, kwamba hii ni mifano tu. Lakini tumesomaje, sisi? Kwetu mwalimu akiandika, unakopi, unakariri, unarudisha kama ulivyopewa, hata nukta. Ukibadilisha neno ndipo unapokosa alama. Ndivyo tulivyosomeshwa tangu shule ya msingi, na ndivyo nilivyowasomesha. Nilipita nje ya nyumba zao siku zile nikasikia sentensi zangu zikisemwa kwa pamoja, baba, mama na watoto, kama sala.

Sylvestre alinifuata kisimani. "Mwalimu, mi nitasema ya mihogo. Ile iko na nguvu."

"Lakini wewe si ulichomewa cherehani, fundi?"

"Aah, cherehani! Nani analia cherehani? Mzungu ataniambia nenda ukanunue ingine. Yangu iko kadogo sana, mwalimu. Ile ya mihogo njo inapita."

"Na bwana wa mihogo? Wewe ni mwanamume."

"Nitasema ni kaka yangu." Akacheka, akanyanyua ndoo yangu akanibebea hadi nyumbani. Ningemwambia hapana. Nilimwambia asante.

Jina la Mama Riziki lilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Aliniomba nimsindikize kwa sababu hajawahi kufika mjini, na mimi nilikuwa nimefika mara mbili, kumpelekea Papa Anselme dawa. Alivaa kitenge kilichopigwa pasi ya makaa na akamwacha Riziki na wadogo zake kwa mama yangu. Njiani alikuwa anasema sentensi zake saba kwa midomo, bila sauti, akihesabu kwa vidole, na kila akifika kidole cha saba alinitazama.

Ofisini kulikuwa na baraza lenye benchi refu. Sylvestre alikuwa pale, ameshahojiwa asubuhi, anasubiri usafiri. "Nimeisema yote bila kuguna," akaniambia. "Alinikatiza lakini nikaanza tena juu." Mama Riziki akaitwa. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya mtu anayevuka mto juu ya mawe. They accused my husband of hiding. Hakukosea hata neno. Halafu swali, halafu mkalimani, kisha sauti ya Mama Riziki, kwa Kiswahili, yenye furaha: "Mwalimu wangu njo alinifundisha. Iko pale inje."

Mkalimani, Mtanzania mmoja mpole, akatoka. "Binti, unaitwa ndani."

Aliyekuwa anahoji alikuwa mama wa Kizungu aliyechoka. Hakuwa mkali. Naandika hivyo kwa sababu ningependa kumtupia lawama na siwezi. Alinigeuzia karatasi zake. Alikuwa amenakili ile sentensi kwa mwandiko wake, na pembeni ya jina la kila aliyeisema, marehemu alikuwa nani wake. Mume. Kaka. Baba. Mume. Mjomba. Mume. Aliniuliza kama ni mimi niliyeiandika. Nikasema yes. Aliniuliza niliwaandikia wangapi. Nikasema sijui. Halafu akaweka kalamu chini, akaniuliza pole pole, ili nielewe kila neno: yule mtu wa kwenye mihogo alikuwa wa nani?

Mama Riziki hakuelewa swali. Alikuwa ananitazama akitabasamu, kama mwanafunzi aliyefaulu ambaye mwalimu wake ameitwa kupongezwa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hers. Hata kunyoosha kidole kungetosha. Nje dirishani alisimama Sylvestre, na nikimnyooshea huyu kidole, yule ni mwongo, na wengine wanne pamoja naye, na wana watoto.

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yao. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu watu wanne walikuwa wananitazama usoni na hapakuwa na ubao. Nilitazama sakafu. Yule mama akasubiri, akatushukuru wote kwa adabu, akafunga faili.

"Alikupongeza?" Mama Riziki akaniuliza barazani.

"Alituambia asante."

"Ni mutu muzuri," akasema.

Wiki iliyofuata nilikwenda Biwi kumweleza Papa Anselme. Alikuwa amelala kwenye godoro kati ya magunia ya nguo za mitumba, na alinisikiliza amefumba macho, nikafikiri amelala.

"Mutoto wangu," akasema mwishoni, "we ulifikiri mi nilikosa mufano ingine? Miaka yote ile, paka mbuzi na sabuni?"

Niligeuzia uso magunia.

"Bale bantu habana nyumba, habana shamba. Balibakia na kile chenye balionaka na macho yabo. Nilikuwa naogopa kukigusa." Akakohoa sana, binti yake akaja na maji. Alipotulia akaniuliza habari za mama. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Majibu yalitoka kabla ya mvua. Wote walioisema ile ya mihogo hawakukubaliwa, na Mama Riziki naye. Barua yake ilisema maelezo yake hayaaminiki. Nilimtafsiria mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo. Nilitafuta neno laini, nikakosa, nikasema: wanasema si kweli. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Hapo nikamweleza yote, majina sita, swali la yule mama, na kwamba nilinyamaza. Nilimweleza huku nikitazama barua. Sylvestre alikuwa amekuja pia na barua yake, akasimama mlangoni.

Mama Riziki alikunja karatasi mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kiberiti. "Sasa bwana yangu alikufa wapi?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Akaenda kupika, watoto walikuwa wamerudi.

Niliandika barua ya kueleza, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya kambi, ya pili nikaipeleka Lilongwe. Zilipokelewa, zikapigwa muhuri. Nimeuliza mara tano. Wananiambia faili imefungwa na kwamba mwalimu aliyewaandikia watu hadithi hawezi kuwa shahidi. Hawakosei. Mimi pia nisingemwamini mwalimu huyo.

Niliendelea kufundisha mwezi mmoja zaidi, kwa mbuzi. Watu walipungua. Alhamisi iliyopita Mama Riziki alirudi, mara ya kwanza tangu barua ile. Alikuja mapema, nikiwa peke yangu napaka ubao, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alikuwa na daftari jipya. Aliketi mstari wa mbele, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaukunjua kwa kiganja.

"Mwalimu, nasikia batafungua orodha ingine mwaka kesho."

"Nimesikia, mama."

"Ile yangu ilishaisha. Bantu balishaitumia." Alisema bila uchungu, kama anavyoweza kusema chumvi imekwisha. "Unipatie ingine."

"Ingine ya nini, mama?"

"Ya kusema. Yenye haiko ya mutu. Yenye bazungu batakubali."

Nilimgeukia. Kwa miaka minne sikuwahi kumtazama mwanafunzi hivyo. Ana alama ndogo ya kovu juu ya nyusi, sikuijua. Alikuwa ameshika kalamu tayari, anangoja nianze kuandika, ananiamini bado. Nilimwambia ubao haujakauka.

Jioni nilimpelekea mchungaji ufunguo.

Mama Riziki atakuja Jumatatu, mapema. Atakaa mbele, upande wa kushoto. Atawaomba nyinyi sentensi nyingine. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta cha kuwaambia mmjibu.